Alilolisema Pembeni

Siku Bryony Tuck alipokutana na Toby Marrack, mkono mmoja alikuwa ameshika bakuli la njegere za kupondwa, mkono wa pili ukizuia skafu isipeperuke, na hakubakiwa na mkono wa kumsukuma mwanamume aliyemkanyaga mguu.

Tamasha la Bata Bukini lilikuwa limefurika kama kila Oktoba. Ungedhani Nottingham nzima imehamia uwanjani. Mabembea yalikuwa yakipanda na kushuka na vilio vya wasichana, soseji zikichuruza mafuta kwenye makaa, muziki wa kila banda ukigombana na wa jirani yake. Katikati ya msukosuko huo alisimama huyu mtu: kofia ndefu nyeusi, koti lenye mikia miwili, fimbo kwapani. Utadhani ni bwana mkubwa wa enzi za Malkia Victoria aliyekuwa akienda mazishini akapotea njia.

"Samahani sana, bata wangu," alisema. Nottingham kila mtu ni bata wa mwenzake, hata dereva na abiria wake, na wala hakuna anayechukia.

"Umenikanyaga na kiatu cha nani hicho? Cha babu yako?"

"Cha kukodi. Na koti la kukodi. Kofia ndiyo yangu."

"Bora ungekodi kofia. Na hilo pindo la nyuma umelishona mwenyewe, siyo?"

Toby alijizungusha kutazama mgongo wake, mara ya kwanza, mara ya pili, kama mbwa anayetafuta mkia. "Linaonekana?"

"Uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi. Nani asione?"

Alicheka. Alikuwa na kicheko cha chinichini, cha mtu anayejichekea mwenyewe kwanza, na macho ya kijivu yaliyokaa sana juu ya uso wa Bryony kabla ya kukumbuka kazi iliyomleta. Akampa karatasi ya tangazo. Kikundi cha maigizo cha Carrington kilikuwa kinatayarisha vichekesho viitwavyo *Chai kwa Lady Thistlewick*, na kilitafuta watu.

"Tunataka fundi wa nguo," alisema. "Tunataka pia wa kucheza Miss Araminta. Tuliyekuwa naye amehamia Derby."

"Derby si hapo tu? Anaweza kuja na kurudi."

"Amehamia na mume wa mtu. Kurudi ndiyo kazi."

Bryony alicheka mpaka njegere zikamwagikia skafu. Ilikuwa muda mrefu hajacheka hivyo na mwanamume. Tangu Craig, kwa kweli. Craig alipomwacha, Bryony alimfuata mpaka mlangoni, akamwomba abaki, akamwomba tena kwenye ngazi, majirani wakisikia. Craig alisimama na televisheni kifuani, akangoja amalize, kisha akauliza, "Umemaliza?" Akashuka. Siku hiyo Bryony aliapa kwamba hatamwomba tena mwanamume yeyote abaki mahali popote, hata kwenye foleni ya basi.

Alikwenda kushona. Ukumbi ulikuwa nyuma ya kanisa la Wamethodisti, baridi, unanuka dawa ya sakafu na chai iliyochemka kupita kiasi. Mkuu wa kikundi alikuwa Maud Pargeter, mwalimu mstaafu wa fasihi ambaye hakuna aliyethubutu kumwita Maud. Wote walimwita Mwalimu, hata daktari wa meno aliyecheza mtumishi. Baada ya wiki mbili Mwalimu alimpokonya Bryony sindano mkononi, akamsomesha kurasa mbili za Araminta, akasema, "Huyu hapa. Kumbe tunahangaika bure."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuwakejeli wakubwa wa London ya zamani, watu waliokubali kufunga ndoa na wasiowapenda mradi vikombe vipangwe sawasawa mezani. Lady Thistlewick alisema kila kitu kinyumenyume. "Marehemu mume wangu alikuwa na adabu sana," alisema katika sehemu ya kwanza. "Alikufa siku ambayo hatukuwa na wageni."

"Mnacheka," Mwalimu alisema, akigonga meza na kalamu. "Vizuri. Kwa nini mnacheka?"

"Anatia chuku," alisema daktari wa meno.

"Chuku ipo. Lakini kuna kinaya. Huyu mama anadhani anamsifu mumewe, kumbe anajivua nguo mwenyewe. Sisi tunamwona, yeye hajioni. Mchezo wote huu umejengwa hivyo. Ukumbi mzima unajua, asiyejua ni yule tu inayemhusu." Akamgeukia Bryony. "Sasa tuje kwenye maneno yako ya pembeni."

Akawaonyesha. Araminta anageuza uso kwa watazamaji, anaweka mkono kando ya mdomo, anatoa yaliyo moyoni. Watu wa mwisho kabisa kule nyuma wanasikia. Lord Basil, aliyesimama karibu naye kiasi cha kunusa manukato yake, hasikii.

"Huo ni mkataba wetu na watazamaji," Mwalimu alisema. "Toby, wewe ndiye Basil. Ukipepesa jicho, umeua mchezo."

"Sitapepesa."

"Utapepesa. Wote hupepesa."

Toby hakupepesa. Mwalimu alimruhusu Bryony aseme lolote ili amvunje. Bryony akageuka, akaweka mkono kando ya mdomo. "Bwana huyu ana mchicha kwenye jino tangu alipoingia." Toby akaendelea kumimina chai isiyokuwepo. "Suruali yake imefunguka." Toby akauliza, kwa sauti ya kibwana, kama Miss Araminta anapenda sukari. Wenzao walianguka kwa kicheko. Yeye alibaki ametulia tuli. Ila Bryony, kwa kuwa alikuwa karibu, aliona mshipa mdogo shingoni ukicheza, na kwa sababu asiyoijua akatamani kuugusa.

Mchezo ukawafuata nje ya ukumbi. Baada ya mazoezi walizoea kwenda kwenye duka la samaki na chipsi barabara ya Mansfield, wakikaa dirishani, kioo kimefunikwa na mvuke. Hapo Bryony ndiye aliyetunga kanuni: wakiongea, waongee kwa heshima kama wakubwa wa zamani. La moyoni liende pembeni. Anayejibu la pembeni analipa chipsi.

"Na asiyejibu?" Toby aliuliza.

"Asiyejibu ni mwigizaji hodari."

Walilipa zamu kwa zamu mwanzoni. Kisha wote wawili wakawa hodari mno.

Jumapili moja simu iliita Bryony akiwa amejilaza na soksi za sufu miguuni.

"Halo, Miss Araminta. Umekula?"

"Nimekula, bwana. Nawe?"

"Mkate na maharage."

"Mlo wa heshima." Akashusha sauti. "Pembeni: mtu huyu hajui kupika, na bado natamani kumwoshea vyombo."

"Huko kwenu kunanyesha?" Toby aliuliza, sauti imetulia kabisa, na Bryony akaficha kicheko kwenye mto.

"Kidogo tu."

"Huku pia. Pembeni: leo nimepitisha tramu kituo kizima kwa kumfikiria mtu. Abiria wamenitukana mpaka na wazazi wangu."

"Basi jifunike vizuri, bwana, usije ukashikwa na mafua," Bryony alijibu, huku moyo ukimwenda mbio kama cherehani.

Toby aliendesha tramu, yale mabehewa ya reli yanayopita katikati ya barabara za mji, tangu amalize shule. Alikuwa mtu wa vituo, alisema mwenyewe, anapenda kujua wapi pa kusimama. Siku alipombusu mara ya kwanza, chini ya saa ya ukumbi wa manispaa, Bryony akiwa na koti lake jekundu lenye vifungo vikubwa na mvua ikimdondoka puani, hawakusema neno. Baadaye tu, wakitembea, Toby aligeukia dirisha la duka la viatu, akaweka mkono kando ya mdomo, akaviambia viatu: "Nampenda huyu." Bryony akasema kwamba bei ya viatu imepanda sana siku hizi. Alikuwa na furaha kiasi kwamba aliona vibaya kuiharibu kwa jibu.

Basi ndivyo walivyopendana. Kila la kweli lilisemwa, na hakuna la kweli lililojibiwa.

Mwezi Januari, wiki chache kabla ya onyesho, Toby aliweka uma chini kabla hajaonja samaki wake.

"Rufus amenipigia," alisema. Rufus alikuwa kaka yake, mwendesha tramu wa Melbourne. "Wanahitaji madereva. Wamekubali kunichukua. Kazi ya kudumu, na mahali pa kuanzia kulala pale kwake."

"Melbourne ya Australia?"

"Sijui nyingine."

"Hongera."

"Sijawajibu, Bry. Nataka kujua wewe unasemaje."

Alikuwa ameacha sauti ya Basil. Alimwita Bry. Mtu mwingine angeliona hilo, na labda Bryony aliliona pia. Lakini mbele ya macho yake aliona ngazi za nyumba yake ya zamani, na televisheni, na majirani waliofungua milango kidogo ili wasikie vizuri. Akashika alichokuwa nacho karibu, tabasamu la Araminta.

"Ni nafasi njema, bwana," alisema. "Na hali ya hewa ya huko italifaa koti lako."

Kisha akageuza uso kwenye ubao wa bei ukutani. Akaweka mkono kando ya mdomo.

"Pembeni: Usiende. Nakuomba usiende. Mji huu utanishinda bila wewe. Sina nguvu za kulisema hili ukinitazama, lakini usiende."

Akamgeukia tena, akangoja. Mwili wake wote ulingoja. Alingoja mkono wake juu ya meza uguswe. Angekubali hata kutukanwa.

Macho ya Toby yalikuwa kwenye chupa ya siki. Hata ukope haukucheza.

"Zitapoa hizo," alisema.

Bryony akala. Amesikia, alijiambia. Nimeomba, na amesikia, na hiyo ndiyo "umemaliza" yake, tofauti ni kwamba huyu ana adabu. Akamaliza sahani yote ili asiulizwe kwa nini hali.

Kesho yake jioni Toby alipiga simu. Hakukuwa na salamu za kibwana.

"Bry, nakuuliza waziwazi. Niende?"

"Nenda."

"Una hakika na unachosema?"

"Toby, wewe mtu mzima. Umepata kazi, nenda kazini."

Alisikia pumzi yake. Alisikia pia, mbali, kengele ya tramu ikitoka kituoni.

"Haya," alisema. "Nitawajibu leo."

Bryony aliweka simu juu ya cherehani, akarudi kwenye gauni la Araminta. Alilishona kwa mapazia ya kijani ya taffeta, kitambaa kinachong'aa, aliyoyapata kwenye duka la mitumba la hisani, kiuno kimebana, nyuma limetunishwa, kola ya lesi ya kweli ya Nottingham iliyokuwa ya bibi yake. Usiku wa onyesho la mwisho watu walipiga makofi alipotokea tu, kabla hajafungua mdomo. Toby aliingia na koti lake, pindo sasa likiwa limeshonwa kwa uzi mweusi na mkono wa Bryony, na ukumbi ukatulia kuwatazama, vijana wawili wazuri walioonekana wazi kuwa mtu na mwenzake.

Ilikuwa raha mwanzo mpaka karibu na mwisho. Lady Thistlewick alimsifu mumewe, watu wakagongana mabega kwa kucheka. Daktari wa meno aliangusha sinia pale hasa alipotakiwa kuliangusha. Kisha ikafika sehemu ya tatu, Basil akijiandaa kwenda kumuaga mama yake, na Araminta anageuza uso.

"Nampenda," Bryony aliwaambia watu wa Carrington, mkono kando ya mdomo, "na afadhali nife kuliko yeye kujua."

Kila onyesho watu walicheka hapo. Ndipo mahali penyewe pa kuchekea, Mwalimu alikuwa amewaeleza: msichana mzima anataka kufa kwa adabu. Usiku ule hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alianza, akaacha. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba taa zilisikika zikivuma, na mama mmoja mstari wa mbele akashika mkono wa mumewe.

Toby alisimama hatua moja kutoka kwake, anavaa glavu. Kidole kwa kidole, polepole, kama bwana anayewaza hali ya hewa. Lilikuwa igizo bora kuliko yote aliyowahi kufanya.

Nyuma ya pazia, baada ya makofi, alikuja kwenye kijichumba cha kuvalia. Bryony alikuwa amefuta rangi nusu ya uso.

"Ulikuwa mzuri leo," Toby alisema.

"Nawe. Hukupepesa."

"Sikupepesa." Aliishika fremu ya mlango kama anayepima upana wake. "Ndege ni Jumanne."

"Safari njema."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Unataka nikufungie maandazi?"

Alitaka iwe utani. Toby alijaribu kucheka, kicheko kikamwishia njiani. Akamwinamia, akambusu pale kwenye nusu ya uso iliyokuwa haina rangi, akaenda. Bryony alikaa na gauni la mapazia mpaka mlinzi wa ukumbi alipokuja kuzima taa, akamkuta ameegemeza kichwa kwenye koti la kukodi la Basil lililongoja kurudishwa.

Wiki za mwanzo alilia kila alipopita barabara ya Mansfield, kisha akaanza kupita njia nyingine. Alikataa nafasi kwenye mchezo uliofuata, akasema ana kazi nyingi. Mwalimu Pargeter alimtembelea na keki ya limau, akakaa sana bila kuuliza kitu, na mlangoni akasema, "Ule ukimya wa usiku wa mwisho, sijawahi kuufundisha. Sijui ulipoutoa, na sitauliza." Mwaka wa pili ni Mwalimu huyohuyo aliyemwambia, taratibu, kwamba Toby ameoa. Mke anaitwa Noelene, muuguzi. Bryony alisema ni jina zuri. Alikwenda chooni akafungua bomba maji yamwagike kwa nguvu.

Halafu, asubuhi moja ya Mei, simu iliita dukani kwake, alikokuwa akishona nguo za watu.

"Bry? Ni mimi."

"Najua. Jina lako limetokea."

"Hujalifuta."

"Uvivu tu."

Kile kicheko cha chinichini. Alikuwa amesahau jinsi kinavyoingia sikioni. "Nimekuja kumchukua mama. Tumeuza nyumba, anahamia kwetu. Tunaondoka leo alasiri. Nilisema nisikupigie, nikakupigia."

"Uko wapi?"

"Simba wa kushoto."

Watu wa Nottingham hukutana hapo, kwenye simba wa mawe mbele ya ukumbi wa manispaa, wa kushoto siku zote. Bryony alivua utepe wa kupimia shingoni, akafunga duka, akavuka uwanja na blauzi ya kazini yenye nyuzi. Alifikiri atakuwa na muda wa kujiandaa, lakini Toby alimwona kutoka mbali. Amekuwa mweusi wa jua, amevaa koti jepesi la nchi ya joto, na kwenye kidole cha kushoto pete nyembamba ambayo hakuificha wala kuionyesha.

Walikaa kwenye ngazi. Waliulizana habari za watu. Mama anaendeleaje. Daktari wa meno bado anaangusha sinia? Noelene mzima?

"Mzima. Anatarajia. Mwezi wa tisa."

"Hongera, Toby." Safari hii alimaanisha, na iliuma palepale ilipokuwa inauma. Akatazama maji ya chemchemi ya kutengenezwa pale uwanjani, watoto wakikimbia ndani yake na nguo zao. Akaona kwamba asipouliza sasa atauliza peke yake maisha yake yote. "Ile jioni ya chipsi. Ulisikia?"

Hakujifanya hajui jioni ipi. "Nilisikia."

"Yote?"

"Naweza kukurudishia neno kwa neno. Mji huu utanishinda bila wewe. Huwa ninayarudia nikiendesha tramu, toka mwanzo wa njia mpaka mwisho."

"Na ukasema zitapoa."

"Uliyasema pembeni, Bry."

"Sasa ningeyasema wapi?"

"Mimi nilikuwa mbele yako. Nilikuuliza, ukaniambia ni nafasi njema. Halafu ukauambia ukuta nisiende." Alikuwa anaongea polepole, kama mtu aliyeipanga sentensi hii mara nyingi kitandani. "Kanuni ilikuwa yako. La pembeni halijibiwi. Nikadhani umenionyesha moyo na papo hapo umenifungia mlango. Kwamba unanipenda, ila hutaki nibaki kwa ajili yako, hutaki deni hilo. Nikasema nisimlazimishe, ngoja aniambie usoni. Ndiyo maana nikapiga kesho yake."

"Nikasema nenda."

"Ukasema nenda. Mara mbili."

"Nilisema nenda kwa sababu ulikuwa umeshasikia. Nilikuomba, Toby, kwa njia pekee niliyokuwa nayo. Ukatazama siki."

"Ningeitazama siki mpaka leo kama ungetaka. Nilidhani ndicho unachotaka."

Kengele ya tramu ililia ng'ambo ya uwanja na Toby akageuza kichwa bila kujua, mazoea ya kazi.

"Tuliwacheka wale watu miezi mitatu," Bryony alisema hatimaye. "Lady Thistlewick na wageni wake. Wajinga wanaokufa kwa adabu."

"Mwalimu alituambia kabisa. Asiyejua ni yule inayemhusu."

"Hakusema ni sisi."

Bryony alicheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Toby aliinua mkono kumfuta, akaushusha. Ukabaki juu ya goti lake mwenyewe.

"Ningebaki," alisema. "Nataka ulijue hilo. Ungenitazama ukaniambia baki, ningebaki. Sikuwa nimepakia hata soksi."

Hilo ndilo jibu alilolingoja mezani, kwenye harufu ya siki, na mwili wake wote ulilitambua. Lilikuja zima, halikupungua kitu, kwa mtu aliyeshachelewa kulipokea.

"Niambie na wewe," Toby alisema. "Lolote lile. Ila nitazame."

Akamtazama. Macho yaleyale ya kijivu, mikunjo mipya pembeni. Kulikuwa na neno moja mdomoni mwake, *bado*, kwamba bado anampenda, neno dogo sana. Alijua likitoka litapanda ndege. Litakaa mezani na Noelene anapokunywa chai, litainama juu ya kitanda cha mtoto. Alijua pia kwamba Toby analingoja.

"Nilikupenda," alisema. "Kuliko nilivyojua. Niliogopa kukuomba kwa sababu niliwahi kumwomba mtu akanidharau mbele za watu, na mzigo ule nikakutwika wewe. Halikuwa kosa lako, na wala hukunidharau. Nimelijua leo, na nimefurahi kulijua."

"Na sasa?"

"Sasa una mtoto njiani."

"Sikukuuliza hilo, Bry."

"Najua ulichouliza. Na hilo ndilo jibu langu."

Toby aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo, mabega yakipanda na kushuka, na Bryony akamwachia muda wake, hakumharakisha wala hakumtania. Simu yake ikaita mfukoni. Ni mama, teksi imefika. Alisimama, akamsimamisha na Bryony, wakakumbatiana pale mbele ya watu wote, kwa nguvu, koti jepesi na blauzi ya nyuzi, na wote wawili walijua ni mara ya mwisho kwa hiyo hakuna aliyeharakisha kuachia.

"Kwaheri, Bryony."

"Kwaheri, Toby. Uwe baba mwema."

Alivuka uwanja. Hakugeuka, na Bryony alimshukuru kwa hilo.

Akaketi tena kwenye ngazi, akalia mchana kweupe, bila kufunika uso. Watu walipita na mifuko yao. Kisha mwanamke mmoja kijana, nywele zimefungwa ovyo, mtoto kifuani na mwingine kwenye kigari akipiga kelele, akasimama mbele yake.

"Samahani, unaweza kunishikia huyu? Kamba ya kiatu imefunguka, naona nitaanguka."

Bryony alinyoosha mikono. Mtoto alikuwa mzito, joto, ananuka maziwa. Alimkazia macho Bryony karibu kabisa, bila adabu yoyote, akanyoosha kidole akagusa chozi shavuni kuona ni nini. Mama yake alipoinuka ndipo akaona.

"Jamani. Uko sawa wewe?"

Nottingham swali hilo huulizwa mara mia kwa siku, na jibu lake ni moja: niko sawa. Bryony alilikuta tayari kwenye ncha ya ulimi. Akaliacha lipite bila kulisema.

"Hapana," alisema, akimtazama mwanamke yule usoni. "Sipo sawa. Niachie huyu kidogo, kama hutajali."

Mwanamke yule akavuta kigari kando, akaketi naye kwenye ngazi.